Habari za Kuunganishwa kwa Nchi za Afrika ya Mashariki

Maneno ya kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki ziwe dola moja si maneno mapya. Yamesemwa kwa muda wa miaka mia na zaidi, yakanyamaza, yakafufuka, na kila yafufukapo watu huyasikia kana kwamba ni habari ya jana. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, wasema wazi kwamba mwisho wa safari ni Shirikisho la Kisiasa. Basi tumeona vema kuwaandikia wasomaji wetu habari za wale waliobishana juu ya jambo hili zamani, maneno ya waliotaka na maneno ya waliokataa, na hasa jinsi yalivyowagusa watu wa pande hizi za Korogwe na Handeni. Maana wako miongoni mwetu wadhanio kwamba mambo makubwa kama haya huamuliwa mbali, wala hayatuhusu.

Neno moja litoshe kuwajibu. Reli ya Tanga ilifika Korogwe mwaka wa 1902, ikaendelea mpaka Moshi kabla ya vita kuu ya kwanza. Wakati wa vita Waingereza wakajenga reli nyingine kutoka Voi, ikapita Taveta, ikaungana na reli yetu penye Kahe. Tangu hapo mtu wa Korogwe aliweza kupanda gari la moshi akafika Mombasa na Nairobi. Bali Dar es Salaam, mji mkuu wa nchi yake mwenyewe, hakuweza kuufikia kwa reli mpaka mwaka wa 1963, ilipofunguliwa njia itokayo Ruvu, katika reli ya kati, hata Mnyusi, mwendo mfupi kutoka Korogwe. Kwa miaka zaidi ya arobaini chuma kilitufunga na Kenya kabla hakijatufunga na mji mkuu wetu. Mtu asituambie kwamba habari ya kuungana ni ya wakubwa tu.

Tena kabla ya Wazungu kuja palikuwa na muungano mwingine katika nchi hii, na wazee waliujua kwa uzuri wake na kwa ubaya wake. Wazee husimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka milima ya Nguu, ambayo zamani ilikuwa katika wilaya ya Handeni na tangu mwaka wa 2002 imo katika wilaya ya Kilindi. Aliwaua nguruwe walioharibu mashamba, akawagawia watu nyama, akaamua mashauri yao kwa haki, na watu wa Vuga wakamtawaza. Hakuja na jeshi, walimtaka wenyewe. Uzao wake, ndio Wakilindi, ukaendelea kutawala, hata siku za Kimweri ye Nyumbai amri ya Vuga ikashuka kutoka milimani, ikafika Bonde, ikakaribia pwani ya Tanga na Pangani. Watu wa lugha mbalimbali walikuwa chini ya mfalme mmoja. Dr. Krapf alipopanda Vuga mwaka wa 1848 alimkuta mtu ambaye neno lake lilisikiwa mbali sana.

Kimweri akafa yapata mwaka wa 1862. Mjukuu wake Shekulwavu akarithi Vuga, lakini Semboja, mwana wa Kimweri, alikuwa akikaa Mazinde chini ya milima, penye njia ya misafara, na kwa biashara yake alikwisha kupata bunduki na baruti. Hakumwacha mwana wa nduguye astarehe. Wabondei nao wakaona nafasi, wakawaondoa Wakilindi waliowekwa kuwatawala. Vita ile waliiita Kiva. Je, waliuchukia umoja? Hatudhani. Katika siku za amani waliuvumilia, na wengine waliupenda. Walichochukia ni kwamba wale waliotumwa kutoka Vuga kuwatunza walikuwa wakiwakamata watoto wao na kuwauza watumwa, wala mtu wa Bonde hakuwa na mahali pa kushtaki, maana aliyemwibia ndiye aliyekuwa kadhi wake. Habari hizi zote zimeandikwa na Abdallah bin Hemedi katika Habari za Wakilindi, na msomaji mwenye kitabu hicho hana haja ya kutusikiliza sisi. Twazitaja kwa sababu miaka iliyofuata ilikuwa ya taabu kubwa: watu wa kando ya mto wetu walijenga miji yao visiwani katikati ya maji, wapate kulala salama. Kuvunjika kwa umoja nako kuna bei yake.

Hivyo Wadachi, yaani Wajerumani, na Waingereza walipoigawanya nchi hii hawakuukuta umoja ule. Mwaka wa 1886 walipiga mstari kutoka mto Umba hata ziwa la Nyanza, wakaupindisha kidogo penye mlima wa Kilimanjaro. Na kwa mkataba wa mwaka wa 1890 kila mmoja akatambua sehemu ya mwenziwe. Miaka ishirini na sita baadaye, mwezi wa Juni 1916, majeshi ya Waingereza yalishuka kando ya mto na kuingia Korogwe, kisha Handeni. Vita ilipokwisha, Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja zote zilikuwa chini ya mfalme mmoja wa Uingereza. Ndipo watu wakaanza kuuliza: kwa nini ziwe serikali nne?

Lakini ijapokuwa mfalme alikuwa mmoja, hali zao zilikuwa mbalimbali. Kenya tangu mwaka wa 1920 iliitwa koloni, na Wazungu walowezi, ambao watu waliwaita masetla, walikuwa wamepewa nyanda za juu zilizo na rutuba, nao walikuwa na wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwafrika wa Kenya alipaswa kuchukua kipande shingoni kila atokapo kwao kwenda kazini. Uganda ilikuwa nchi ya himaya, na Buganda ilishika mkataba wake wa mwaka wa 1900. Tanganyika haikuwa mali ya Waingereza hata kidogo: waliwekewa kama amana na Chama cha Mataifa, na sheria ya ardhi ya mwaka wa 1923 ilisema kwamba ardhi ya nchi yashikwa kwa manufaa ya wenyeji. (Sisi wa Korogwe twajua kwamba maneno hayo hayakuyarudisha mashamba ya mkonge. Yale ya Wadachi yaliuzwa tu kwa watu wengine. Lakini sheria ni sheria, na baadaye ilisaidia.)

Waliotaka kuungana walikuwa na hoja, wala hatusemi hoja zao zilikuwa za upuuzi. Bwana L. S. Amery, Waziri wa Makoloni, na Lord Delamere, mkuu wa masetla wa Kenya, ndio waliosema kwa sauti kubwa. Delamere aliwaita masetla wa nchi mbalimbali wakutane Tukuyu mwaka wa 1925 washauriane. Walisema hivi: reli mbili zikishindana, zote zitapata hasara, ushuru wa forodha ukiwa tofauti, mfanyabiashara atapotea njiani, posta na simu zikitengwa, gharama zitakuwa mara mbili. Na nani atapigana na nzige? Nzige hajui mpaka. Hata sisi twaweza kushuhudia hoja hiyo, maana nzige waliozaliwa mbali sana, katika nchi ambazo Mzigua wa Handeni hakupata kuzisikia majina, waliingia Afrika ya Mashariki tangu mwaka wa 1928, na miaka ya 1930 Handeni ilipata njaa kali iliyokumbukwa na wazee maisha yao yote. Serikali moja peke yake haingeweza kuwafuata nzige huko watokako.

Walikuwa pia na mfano mzuri karibu nasi sana. Huko Amani, katika milima ya Usambara ya mashariki, Wadachi walianzisha mwaka wa 1902 chuo cha kuchunguza mimea na udongo. Baada ya vita kilikaa karibu na kufa. Mwaka wa 1927 kikafufuliwa, kikawa cha Afrika ya Mashariki yote, kila nchi ikatoa fedha yake. Tanganyika peke yake haikuwa na fedha za kutosha kukifufua. Mkulima aliyetaka kujua ugonjwa wa mmea wake, awe wa Kenya au wa Tanga, alijibiwa kutoka Amani. Basi mtu akiuliza, umoja wafaa nini, angeweza kuonyeshwa kilima kile.

Waliokataa nao walikuwa wengi, na kila mmoja kwa sababu yake. Sir Donald Cameron, Gavana wa Tanganyika tangu mwaka wa 1925 hata 1931, alikataa kabisa. Alisema Tanganyika ni amana, na amana haichanganywi na mali. Aliogopa kwamba serikali moja itakaa Nairobi, na Nairobi ni mji wa masetla; basi sheria za kipande na za ardhi zitavuka mpaka zitufuate huku. Wahindi waliogopa hayo hayo kwa ajili yao wenyewe. Kabaka Daudi Chwa na Lukiko ya Buganda wakaandika kwamba hawataki, wasije wakapoteza mkataba wao.

Tena kulikuwa na neno la fedha, ambalo halisemwi sana siku hizi. Tanganyika iliingia katika umoja wa forodha na Kenya na Uganda kidogo kidogo, hata mwaka wa 1927 biashara ikawa huru baina yao. Lakini ushuru mkubwa ulikuwa umewekwa juu ya unga wa ngano, siagi na vitu vingine vitokavyo Ulaya, ili masetla wa Kenya wapate kuuza vyao. Mtu wa Tanga aliyenunua unga wa Kenya kwa bei ya juu alimlipa mkulima wa Kenya, na hazina ya Tanganyika haikupata kitu. Mwaka wa 1932 Sir Sydney Armitage-Smith, aliyetumwa kuchunguza fedha za Tanganyika, aliona kwamba umoja ule uliitia nchi hasara. Na reli ya Voi, ile tuliyoitaja mwanzo, ilivuta mizigo ya Moshi ikaipeleka Mombasa, na bandari ya Tanga ikatazama.

Serikali ya Uingereza ikatuma tume. Tume ya kwanza, chini ya Bwana Ormsby-Gore, ilipita mwaka wa 1924, ikarudi na kusema kwamba watu wachache tu wataka jambo hili. Afadhali magavana wakutane mara kwa mara washauriane. Wakafanya hivyo tangu mwaka wa 1926. Tume ya pili, chini ya Sir Hilton Young, ilizunguka mwaka wa 1928, na taarifa yake ikatoka mwanzo wa mwaka wa 1929. Hapo likatokea jambo la ajabu, ambalo kwetu sisi lafundisha kuliko taarifa yenyewe. Wengi wa wajumbe wa tume walikubali kwamba nchi ziletwe pamoja, lakini walitaka juu yake awekwe mkubwa mmoja kutoka Uingereza, naye asimamie mambo ya Waafrika katika nchi zote kwa namna moja, wala masetla wa Kenya wasiachiwe kujitawala. Mara masetla wale wale waliokuwa wakililia muungano wakarudi nyuma. Waliutaka muungano walipodhani watakaa usukani wao. Walipoona usukani u mkononi mwa mwingine, walikumbuka kwamba Kenya ni nchi yao na yafaa iachwe peke yake.

Sisi twadhani hapa ndipo penye kiini cha ubishi wote, wa wakati ule na wa baadaye. Reli, forodha na nzige yalikuwa mambo ya kweli, lakini hayakumshawishi mtu aliyejua kwamba hatakuwapo barazani. Waswahili husema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Nao abiria wa Afrika ya Mashariki walijua kwamba hata chombo chenye nahodha mmoja huenda anakotaka nahodha.

Mwaka wa 1931 Bunge la Uingereza likaweka kamati ya watu wa mabaraza yake mawili, isikilize mashahidi London, nao Waafrika wakaitwa. Kutoka Kenya walikwenda Chifu Koinange, Ezekiel Apindi na James Mutua. Miongoni mwa wa Uganda alikuwamo Serwano Kulubya, mtunza hazina wa Buganda. Kutoka Tanganyika walikwenda watu watatu: Makwaia, mtemi wa Usiha katika Usukuma, Francis Lwamugira wa Bukoba, na Martin Kayamba, mtu wa kwetu.

Kayamba alikuwa Mbondei, ingawa alizaliwa Unguja mwaka wa 1891, babaye akiwa mwalimu. Alisoma Kiungani. Kabla ya vita alikwisha kufanya kazi Kenya na Uganda, na Wadachi walimfunga vita ilipoanza. Baadaye akawa karani mkuu katika ofisi ya wilaya ya Tanga, na mwaka wa 1922 alianzisha mjini Tanga chama cha Waafrika wafanyao kazi ya Serikali. Hivyo hakuwa mtu wa kuambiwa habari za Kenya. Aliziona kwa macho yake. Msomaji akitaka kujua safari yao, walivyosafiri na walivyopokewa, Kayamba aliiandika katika kitabu kiitwacho Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilichotolewa mwaka wa 1932.

Mbele ya kamati wote watatu wa Tanganyika walisema hawautaki muungano. Koinange naye alieleza habari za ardhi ya Wakikuyu iliyochukuliwa. Kwa mara ya kwanza wakubwa wa London waliwasikia Waafrika wa nchi tatu wakijibu maswali yao kwa vinywa vyao wenyewe, wala si kwa kinywa cha Gavana. Asiyekuwapo na lake halipo. Safari hii walikuwapo.

Hata hivyo tuseme haki. Nani aliwachagua? Serikali ndiyo iliyowachagua, na Serikali ya Cameron ilikuwa haitaki muungano. Wanamanamba waliokata mkonge Korogwe hawakuulizwa, wala wakulima wa Handeni. Tungependa kujua wangejibu nini, maana katika mistari ya mashamba ya mkonge walikaa Wanyamwezi, Wabena, Wangoni na wengine wengi pamoja, nao walikwisha kuungana bila tume yo yote, kwa jembe na kwa panga. Yamkini mtu kama yule angeuliza kwanza mshahara wa Kenya ni kiasi gani. Twadhani Kayamba na wenzake walisema kweli waliyoiamini, na kweli hiyo ilipatana na matakwa ya Gavana; lakini mtu asidhani kwamba nchi nzima ilipigiwa kura.

Kamati ikatoa taarifa yake mwezi wa Oktoba 1931: wakati wa kuungana haujafika. Biashara ya ulimwengu wote ilikuwa imeanguka, na fedha hazikuwapo. Hiyo nayo ilisaidia kuamua.

Baada ya hapo muungano uliendelea kwa mlango wa nyuma. Sarafu ilikwisha kuwa moja: shilingi ya Afrika ya Mashariki ilitumika tangu miaka ya 1920. Posta na simu za nchi tatu ziliunganishwa mwaka wa 1933. Na lugha yenyewe! Wakuu wa elimu walikutana Dar es Salaam mwaka wa 1925 na Mombasa mwaka wa 1928, wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu na shule, na Kamati ya Lugha ikaanza kazi mwaka wa 1930. Watu wa Mombasa hawakufurahi, nao walikuwa na haki yao, kwa maana Kimvita ni lugha ya washairi wakubwa na wamisionari wa kwanza waliandika kwa hicho. Lakini angalia, msomaji: katika mambo yote yaliyounganishwa siku zile, hili ndilo lililodumu. Sarafu imevunjika, reli imevunjika, posta imevunjika, bali mwalimu wa Handeni na mwalimu wa Machakos huandika tahajia moja. Yamkini ni kwa sababu lugha, baada ya kuandikwa, hushikwa na kila asemaye, wala haina ofisi kuu ambayo watu waweza kugombea mahali pake.

Vita kuu ya pili ilipokwisha, Serikali ya Uingereza ikarudia jambo lile kwa hila zaidi. Mwezi wa Desemba 1945 ikatoa shauri la kuweka baraza moja la kati, na ndani yake Wazungu, Wahindi na Waafrika wawe na wajumbe sawasawa kwa hesabu. Masetla wa Kenya wakapiga kelele, kama tungeweza kutabiri. Mwaka wa 1947 hesabu ile ikabadilishwa. Masetla wakaridhika, Wahindi na Waafrika wakanung'unika. Tarehe 1 Januari 1948 ikaanza Halmashauri Kuu ya Afrika ya Mashariki, yaani magavana watatu pamoja na baraza lao, makao yake Nairobi. Unguja haikuingia. Mwaka huo huo reli yetu ya Tanga ikawekwa pamoja na reli za Kenya na Uganda. Na Amani? Katika miaka iliyofuata uchunguzi wa kilimo wa nchi zote ukahamishwa kwenda Muguga, karibu na Nairobi. Ule mfano mzuri wa umoja uliokuwa mlimani kwetu ulichukuliwa na umoja wenyewe. Hatusemi hili kwa uchungu mwingi, maana Amani palibaki na kazi nyingine. Lakini watu walioogopa Nairobi mwaka wa 1931 wangetikisa vichwa.

Sasa tazama jinsi maneno yalivyogeuka. Waafrika walipokaribia kujitawala, wale waliokataa ndio waliotaka. Mwezi wa Juni 1960, huko Addis Ababa, Mwalimu Julius Nyerere alisema kwamba yu tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika, ikiwa nchi jirani zitapata uhuru pamoja nayo na kuungana mara moja. Hoja yake ilikuwa ya mtu aijuaye tabia ya wanadamu: kila nchi ikikwisha kupata bendera yake, waziri wake wa mambo ya nje na kiti chake katika Umoja wa Mataifa, nani atakubali kuviacha? Mtu aweza kudhani kwamba hapa watu wa Tanganyika walijipinga wenyewe. Sisi hatuoni hivyo. Kayamba na wenzake walikataa kutiwa chini ya masetla. Nyerere alitaka kuungana na wenzake wenye nchi. Swali la nani ashike usukani lilikuwa lile lile, ila jibu lake lilionekana kuwa karibu.

Lakini hakukubaliwa. Tanganyika ilipata uhuru peke yake tarehe 9 Desemba 1961, Uganda mwaka wa 1962. Tarehe 5 Juni 1963 Nyerere, Kenyatta na Obote walitangaza Nairobi kwamba nchi zao zitaungana kabla ya mwaka kwisha. Mwaka ukaisha. Waganda waliuliza mji mkuu utakuwa wapi, nani atapeleka mabalozi, nani atakopa fedha, na ufalme wa Buganda utakaa wapi ndani ya nyumba kubwa hiyo. Kwame Nkrumah wa Ghana naye aliwaambia wasifanye shirikisho dogo, wangoje Afrika nzima. Shauri lililowafaa sana wale waliokuwa wakitafuta udhuru. Muungano uliofanikiwa ulikuwa wa nchi mbili tu, Tanganyika na Zanzibar, tarehe 26 Aprili 1964, na habari zake zahitaji makala yake mbali.

Mwaka wa 1967 nchi tatu zikafanya Jumuiya, na safari hii wakajaribu kulitibu jambo la usukani kwa kuugawa: makao makuu Arusha, bandari Dar es Salaam, posta Kampala, reli na ndege Nairobi. Ilikuwa akili nzuri. Lakini viwanda viliendelea kuota Kenya kuliko kwingine. Na Idi Amin alipoipindua serikali ya Uganda mwaka wa 1971, Nyerere hakukubali kuketi naye, basi baraza la wakuu watatu halikukutana tena. Mwezi wa Februari 1977 shirika la ndege lilivunjika, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na Jumuiya ikafa mwaka huo huo. Behewa lililokuwa Moshi lilikuwa la Tanzania, lililokuwa Voi lilikuwa la Kenya. Njia ya Kahe, iliyotuunganisha na Mombasa tangu vita ya kwanza, ikakosa magari ya kuvuka. Miaka sita mpaka ule ulifungwa.

Jumuiya ya sasa ilianza kazi mwaka wa 2000, nayo imekua: Rwanda, Burundi, Sudan Kusini, Kongo na Somalia zimeingia. Mwaka wa 2006 Rais Kikwete aliiweka kamati ya Profesa Samuel Wangwe, iwaulize wananchi wa Tanzania kama wataka Shirikisho la Kisiasa liharakishwe. Safari hii hawakuchaguliwa watu watatu; waliulizwa watu wa mikoa yote. Wengi sana walijibu kwamba kushirikiana ni kwema, lakini wasiharakishwe, na walipoulizwa wanaogopa nini, walitaja ardhi mbele ya mambo mengine. Walisema ardhi ya Tanzania ni kubwa na ya jirani ni haba, na mwenye fedha atakuja kuinunua. Wala si wajinga waliosema hivyo. Mtu wa Handeni aliyerithi shamba kwa baba yake bila karatasi yo yote hawezi kushindana mahakamani na mtu mwenye hati na wakili, awe ametoka Nairobi au Dar es Salaam.

Soko la Pamoja lilipoanza tarehe 1 Julai 2010, watu na mali na kazi vilifunguliwa njia kwa masharti yake, lakini katika itifaki yake nchi zote zilikubali kwamba habari ya kupata na kutumia ardhi itaendelea kutawaliwa na sheria za kila nchi peke yake.